Mutie Kivuva, Aliyeitwa Mara Nne Kambu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Chifu, walimu, majirani wa Tulia na wageni mliotoka Kitui, Kambu na kwingineko, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kufika, na kwa ruhusa ya mama yangu nitawasomea maisha ya baba yetu, Mutie Kivuva. Mimi ni Ndila, mtoto wake wa kwanza, ninasomea upimaji wa ardhi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kila tarehe mtakayoisikia hapa nimeilinganisha na karatasi au na mtu aliyekuwepo, na pale ambapo sikupata uhakika nitasema kwamba sikupata.

Ni haki mjue mapema kwamba historia hii haitakuwa fupi kama tulivyozoea. Katika kikao cha familia cha Jumanne tarehe 13 Agosti, baba mdogo Kisilu alisimama akaniambia, "Ndila, soma alizaliwa, akasoma, akaoa, akafa, basi. Mambo ya barabarani yaache barabarani." Baba mdogo, ninakuheshimu. Jibu langu ni kwamba Jumapili tarehe 4 Agosti 1996, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya Kitui, baba aliniambia nichukue daftari, akanitajia mambo ya siku moja ya maisha yake kwa muda wa saa mbili, na alipomaliza akasema maneno haya, nami niliyaandika kama yalivyo: "Haya utamsomea Ndolo mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomwaibisha. Ukinizika kabla hajapata jibu lake, utakuwa umenizika kifudifudi." Ndolo aliyemtaja ni Mzee Ndolo Muthama, fundi wa baiskeli wa hapa sokoni, ambaye wengi mnajua hakupokea salamu ya baba tangu mwaka 1973. Kwa nini baba alisema kifudifudi, mtaelewa tukifika Kambu.

Baba alizaliwa hapa Tulia tarehe 4 Mei 1946, mtoto wa tatu wa marehemu Kivuva Nzomo na marehemu Mbula. Kitambulisho chake kinasema 1948, lakini kadi ya ubatizo inasema 1946, na nimefuata kadi, kwa kuwa aliyeijaza alimwona baba akiwa amebebwa mgongoni, na aliyejaza kitambulisho alimwona akiwa tayari na ndevu. Alisoma shule ya msingi hapa Tulia kuanzia Januari 1955 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1962, akapita mtihani, lakini ukame wa miaka hiyo ulikuwa umemaliza ng'ombe wa babu, kwa hiyo masomo yaliishia hapo.

Mwezi wa Machi 1964 alianza kazi ya kusafirisha mikate na magazeti kutoka Kitui mjini hadi Tulia kwa baiskeli nyeusi ya mizigo, kila siku isipokuwa Jumapili, akiondoka Kitui saa kumi na moja alfajiri, na akina mama wa soko wanakumbuka kwamba chai haikuwekwa jikoni mpaka kengele yake isikike pale kwenye kona ya kanisa. Katika kazi hiyo alikutana na Ndolo, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na alibeba magunia ya mkaa kwenda mjini, na kwa sababu mmoja alikuwa anapanda na mzigo na mwingine anashuka na wake, walikuwa wanapishana kila asubuhi kwenye mlima uleule, wakitukanana kwa furaha. Mke wa Mzee Ndolo, ambaye yuko hapa, amenisimulia kwamba Ndolo alikuwa anapiga kelele, "Wewe wa mikate, hiyo baiskeli inakuendesha au unaiendesha?" na baba anamjibu bila kusimama, "Osha uso kwanza, nijue ninaongea na mtu au na gunia!"

Mwaka 1968 walishindana kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitui, Ndolo akawa wa kwanza na baba wa pili, wakiachana kwa urefu wa gurudumu moja. Kuanzia siku hiyo hawakutengana. Ndolo alikuwa na miguu ya mwisho, maana yake ni kwamba mita mia tatu za mwisho hakuna mtu aliyemweza, na baba alikuwa na kifua cha kukata upepo, angeweza kukaa mbele kwa saa tatu bila kupunguza mwendo, na katika mbio za barabarani watu wawili wa namna hiyo wakikubaliana ni vigumu kuwashika, kwa kuwa anayekaa nyuma ya mwenzake anapumzika wakati yule wa mbele anaumia. Mwezi wa Juni 1971 wote wawili waliitwa katika timu ya taifa.

Tarehe 7 Aprili 1973, ambayo ilikuwa Jumamosi, wazee wetu walipeleka mbuzi wa ntheo, yaani wa kuposa, huko Kambu, kwa wazazi wa mama yangu, Muthoki, na uchumba ukawa rasmi. Wageni ambao si Wakamba naomba niwaeleze jambo moja hapa, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu kuna heshima inayoitwa nthoni, kati ya mwanamume na mama mkwe wake, na katika familia ya mama ilishikwa kwa ukali: mpaka blanketi na mbuzi wa kuiondoa vipelekwe, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hamtaji kwa jina, na wakikutana njiani, mkwe huacha njia, huingia vichakani na kuficha uso mpaka mama apite. Baba alifundishwa hivyo akiwa mtoto mdogo kabisa, akimwona babu akifanya. Mwezi wa Oktoba 1973 blanketi lilikuwa bado halijapelekwa.

Sasa ninafika Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba 1973. Siku hiyo palikuwa na mashindano ya ubingwa wa baiskeli ya nchi saba za Afrika, mbio ndefu ya wanaume, kutoka Athi River hadi Mtito Andei, kilomita 204, waendeshaji arobaini na mmoja, na mshindi angekwenda ng'ambo mwezi wa Januari kushindana na dunia. Nimeona orodha ya waendeshaji. Ndolo alikuwa namba 13, na baba namba 14. Mwalimu wa timu alikuwa amepanga kazi waziwazi: Mutie atakata upepo, Ndolo atakaa nyuma yake, na zikibaki kilomita mbili Mutie atampisha Ndolo aende. Watu wengi wamesema kwa miaka mingi kwamba baba aliuonea wivu mpango huo. Nilimuuliza swali hilo moja kwa moja hospitalini, akanijibu, "Nilikuwa na wivu, ndiyo. Kila anayekaa mbele ana wivu. Lakini miguu yangu ilikuwa inamfanyia kazi yeye, muulize mwenyewe kama ililegea."

Walianza saa moja kamili asubuhi. Walipofika Emali kundi la mbele lilikuwa limebaki na watu kumi na mmoja, jua likiwa tayari kali, na karibu na Makindu, upepo ulipoanza kuvuma kutoka mkono wa kulia, baba aliongeza mwendo, Ndolo akamfuata, na wengine hawakuweza. Walichomoka wawili peke yao. Kibwezi walipita wakiwa dakika mbili na sekunde arobaini mbele ya Mhabeshi mmoja aliyekuwa anawafuata bila kuchoka, na kila Ndolo alipogeuka kutazama nyuma alimwona mtu huyo kama doa jeusi juu ya lami, halipotei. Kwa sababu upepo ulitoka kulia, Ndolo alikuwa amejibanza kushoto, gurudumu lake la mbele likiwa limeingia sambamba na gurudumu la nyuma la baba, kwa umbali ambao mimi nikiupima kwa maelezo yao haukuzidi sentimita ishirini. Baba alisema waliongea mara moja tu baada ya Kibwezi. Ndolo alimwambia, "Mutie, wewe ni mtu ama ni injini?" Baba akamwambia, "Kunywa maji, nyamaza, leo nakupeleka Ulaya kwa mgongo."

Huko Kambu, ambayo siku hizo ilikuwa Wilaya ya Machakos na sasa iko Makueni, watu walikuwa wamejaa kando ya barabara tangu asubuhi. Mama mkwe wake baba, susu wetu Kalunde, yaani nyanya yetu, hakuwa kati yao. Alijua kwamba mkwe atapita, na kwa heshima alikuwa ameamua kukaa nyumbani mpaka mbio ziishe. Lakini nyumbani hakukuwa na maji, na saa tano na nusu gari moja lilipita likatangaza kwamba waendeshaji wangali Makindu, watafika Kambu saa sita na nusu, kwa hiyo susu akachukua debe, akavuka barabara, akateka maji na kuanza kurudi, akijua ana muda wa kutosha. Gari lile lilikuwa limetaja kundi kubwa, halikujua habari za watu wawili waliochomoka. Walifika Kambu saa sita na dakika tano, dakika ishirini na tano kabla ya saa iliyotangazwa.

Susu alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya lami, upande wa kulia wa waendeshaji, debe kichwani, aliposikia watu wakipiga kelele. Alisimama hapohapo. Siku ya Jumatano wiki hii, tarehe 14 Agosti, nilikwenda Kambu na utepe wa kupimia, nikaonyeshwa mahali penyewe na watu wawili ambao hawakuwa wamezungumza kabla, na wote wawili walionyesha kalvati lilelile. Kutoka pale susu aliposimama hadi ukingo wa kushoto wa lami ni mita tano na sentimita kumi. Baiskeli mbili zingepita, na lori pia lingepita. Hakukuwa na hatari yoyote, na kamati ya mashindano ilipoandika kwamba mwendeshaji namba 14 aligeuka ghafla bila sababu yoyote ya barabara, iliandika ukweli.

Baba alimwona akiwa karibu kama mita thelathini. Alisema, "Sikuona mtu yuko barabarani. Nilimwona mama mkwe. Mkono uligeuka kabla sijafikiri, nikaingia vichakani kama ningekuwa natembea kwa miguu." Aligeuka kushoto, na kushoto ndiko alikokuwa Ndolo. Gurudumu la nyuma la baba lilipiga gurudumu la mbele la Ndolo, Ndolo akarushwa juu ya usukani, akaanguka kwenye mawe ya kalvati, na mfupa wa paja lake la kulia ukavunjika mahali pawili. Baba alipita mtaro, akaanguka kwenye miiba mita tisa kutoka barabarani, na hakuumia zaidi ya kuchubuka.

Kutoka hapa nasoma polepole, kwa kuwa hapa ndipo lilipo swali. Baba hakuinuka. Ndolo alikuwa akilia kwa maumivu, akamwita mara nne, "Mutie!" na baba akamsikia, na hakuinuka. Mzee Abukar Aftin, ambaye siku hizo alisafirisha mbuzi kwa lori na leo ana hoteli ya chai hapo Kambu, alikuwa amesimamisha gari kando kutazama mbio, na aliniambia hivi: "Mimi nilimwona yule wa vichakani amelala kifudifudi, uso ndani ya mchanga, mikono juu ya kichwa. Mwenzake anamwita, yeye kimya. Nikasema, maskini, huyu amekufa. Nikaenda kumgeuza, akaniambia kwa sauti ndogo, 'Niache, mzee. Yule mama ameondoka?' Nikasema, mama gani? Mtu amevunjika mguu, wewe unauliza habari ya mama! Nilikasirika sana, nikamwacha hapo hapo."

Mama aliyeulizwa alikuwa hajaondoka. Susu Kalunde alipoona kijana ameanguka juu ya mawe, alitupa heshima yote ya kutazamwa na watu, akakimbia na debe lake, akaketi chini kwenye kalvati, akaweka kichwa cha Ndolo juu ya mapaja yake, akamwosha damu usoni, akamnywesha maji kwa kiganja, akamfungia mguu kwa leso yake ya buluu na kipande cha ubao wa sanduku la nyanya. Alikaa hapo mpaka Mzee Abukar alipowashusha mbuzi wake kumi na sita na kumpakia Ndolo kwenye lori, na muda wote huo, ambao Mzee Abukar anaukadiria kuwa dakika ishirini na susu anasema ni zaidi, baba alikuwa mita tisa kutoka hapo, akisikia akiitwa, na hakuweza kutokea kwa sababu mama mkwe wake ndiye aliyekuwa amemshika Ndolo.

Wote mliowahi kutengenezewa baiskeli na Mzee Ndolo mmemsikia akisimulia kwamba siku ile aliachwa na rafiki yake akaokolewa na mama mmoja asiyemjua, aliyemwita mwanangu. Mzee Ndolo hakuwahi kujua jina la mama huyo. Ndiye susu wetu Kalunde, ana umri wa miaka themanini na mmoja, ameketi hapa mbele, na ameniruhusu nimtaje.

Mhabeshi alishinda. Tarehe 29 Oktoba 1973 kamati ilimwita baba kujieleza, na nakala ninayo, maelezo yake yote ni neno moja, "Nilikosea." Aliulizwa mara mbili sababu, mara zote mbili mwandishi ameandika kwamba hakujibu. Alifungiwa miaka miwili, na hakurudi tena. Alikwenda hospitali kumwona Ndolo tarehe 20 Oktoba, tarehe 3 Novemba na tarehe 8 Desemba, na kila mara ndugu za Ndolo walimzuia mlangoni, nami siwalaumu, kwa kuwa walichojua ni kile walichoambiwa na mgonjwa wao, na mgonjwa wao alikuwa amesema kweli.

Nilimuuliza baba kwa nini hakueleza. Alisema kumtaja mama mkwe mbele ya kamati ya wanaume wageni, iandikwe kwamba mwanamke wa Kambu amesimama barabarani akaharibu ubingwa wa nchi, kulikuwa kumvua nguo. Nikamwambia, baba, blanketi lilipelekwa mwaka 1974, kabla ya harusi, na baada ya hapo ulikuwa unakula naye meza moja, ungeweza kusema. Akasema, "Nthoni iliisha sabini na nne. Baada ya hapo ni woga wangu mwenyewe. Andika hivyo, usinipake sukari." Susu naye alitaka kwenda kwa Ndolo mwaka uleule, na ni baba aliyetuma ujumbe kwamba asiende.

Ndoa yake na mama ilifungwa kanisani Kambu Jumamosi tarehe 20 Aprili 1974, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi niliyezaliwa tarehe 11 Februari 1975, Mutindi tarehe 2 Julai 1978, na Kivuva tarehe 19 Novemba 1982. Alikuwa mume mpole na baba mkali kuhusu mambo mawili tu, kuchelewa na kudanganya, na alipenda uji wa wimbi usio na sukari, na alikuwa akiimba besi katika kwaya ya kanisa letu, wakati mwingine nje ya wimbo.

Kuanzia tarehe 1 Machi 1976 aliajiriwa kuwa tarishi wa ofisi ya elimu, akipeleka barua za shule kwa baiskeli katika sehemu hii yote, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa na miezi tisa bila kupoteza barua hata moja. Mwaka huohuo Mzee Ndolo, ambaye mguu wake ulipona ukiwa mfupi, wa kumwezesha kupanda baiskeli polepole lakini si kushindana, alifungua banda lake la ufundi hapa sokoni, kwenye barabara ambayo baba hakuwa na njia nyingine ya kuikwepa. Baba alikuwa akifika hatua sitini kabla ya banda hilo anashuka, anasukuma baiskeli kwa miguu, anapita, anasema, "Habari ya kazi, Ndolo," hajibiwi, anasukuma hatua nyingine sitini, halafu anapanda. Kwenda na kurudi, mvua au jua. Mzee Ndolo alikuwa akiinua kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika sokoni, "Pita, Mutie, pita! Barabara ni pana!" na watu wanacheka, na sisi watoto tulichekwa shuleni kwamba baba yetu ni mwendeshaji wa timu ya taifa anayetembea kwa miguu. Nikiwa darasa la sita nilimwomba kwa machozi apite tu bila kushuka. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyemshusha. Siwezi kupita mbele yake nimekaa juu." Sikuelewa, na nilimkasirikia kwa muda mrefu, na leo naomba msamaha wake mbele yenu.

Baba alianza kuugua tumbo mwezi wa Novemba 1995, akaacha kazi tarehe 30 mwezi huo, na tarehe 22 Februari 1996 madaktari walitueleza kwamba ni saratani ya ini. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 28 Julai, na alituacha Ijumaa tarehe 9 Agosti 1996, saa kumi na dakika hamsini jioni, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, miezi mitatu na siku tano.

Sikuona vyema kusoma jina la mtu mbele ya halaiki bila yeye kujua. Kwa hiyo jana, Ijumaa, saa tisa alasiri, nilipeleka karatasi hizi bandani kwa Mzee Ndolo. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma kurasa zote akiwa amesimama, na nilipoona amefika kwenye ukurasa wa Kambu nilitazama chini, nikahesabu spoki za gurudumu lililokuwa limening'inia ukutani, zilikuwa thelathini na sita. Alirudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Huyu mama wa debe, ni mama yake Muthoki?" Nikasema ndiye. Akaketi. Baadaye akaniambia, "Hapa umekosea hesabu. Umeandika nilimwita mara tatu."

Nilikuwa nimeandika tatu, kwa kuwa baba alisema tatu, Mzee Abukar pia alisema tatu. Mzee Ndolo akasema, "Ni nne. Ya nne hawakuisikia, nilikuwa ndani ya lori na injini imewashwa. Hizo tatu nilimwita aje anisaidie. Ya nne nilimwona kwa nafasi ya mbao bado amelala vilevile, uso chini, nikamwita nijue kama yuko hai." Nikachukua kalamu nikafuta tatu, nikaandika nne, yeye akitazama, na nikamuuliza kama kuna kosa lingine. Akasema hakuna. Sikumuuliza kama atakuja.

Leo asubuhi saa moja na dakika ishirini nilikuwa hapo mlangoni nikiwaonyesha vijana mahali pa kufungia hema, nikamwona Mzee Ndolo akija kutoka sokoni juu ya baiskeli, polepole, mguu mmoja ukifanya kazi ya miguu miwili. Alipofika kwenye mti wa mwisho kabla ya lango letu alishuka. Aliisukuma baiskeli kwa miguu mpaka hapa, akaiegemeza kwenye ua, na nilipompa mkono hakuniuliza kiti chake kiko wapi, aliuliza, "Mama yuko wapi?" Sasa hivi ameketi karibu na susu Kalunde. Kutoka kwenye mti ule mpaka lango nimepima, ni hatua sitini na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao hawakutuficha neno, walimu wa shule zote alizopelekea barua, kwaya kwa kuvumilia besi yake, majirani mliotuletea kuni na maji tangu Ijumaa ya wiki jana, Mzee Abukar aliyetoka Kambu akiwa na umri wake na miguu yake, na baba mdogo Kisilu, ambaye baada ya kunikataza ndiye aliyenipeleka stendi ya Kitui niende Kambu kupima. Tunamshukuru pia yeyote aliyewahi kumcheka baba akisukuma baiskeli, kwa sababu hakuna aliyecheka ambaye hakumwachia njia.

Mzee Ndolo, mara tatu za kwanza baba alizisikia, na jibu lake ni hizi kurasa nilizosoma, amechelewa nalo miaka ishirini na miwili na miezi kumi. Ya nne hakuisikia. Asubuhi hii, baada ya wewe kuingia, nilikwenda pale jeneza lilipo nikiwa na mama, nikamwambia kwa sauti kwamba uliita mara nyingine, na kwamba uliita kujua kama yuko hai. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya.

Watu sita ndio watakaobeba jeneza, na mimi nina majina matano. Nafasi ya mbele upande wa kushoto haina mtu, na itabaki hivyo mpaka atakayependa asimame.

Baba, umejibu. Tunakuzika ukiangalia juu. Pumzika.